Delegasyo ya Georgia: walale mu apartema, wapike bukari yao, walete hesabu



Mwaka huu sendika yetu inatayarisha kutuma delege wane ku Georgia. Si ile Georgia ya Marekani. Tunazungumuza inchi ya Georgia, yenye iko kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Caucasus, kwenye watu wanasema lugha yao wenyewe na kuandika na herufi zao wenyewe 33. Asemble ilishakubali mambo mawili: waende, na wabakie kule usiku kumi. Jambo la tatu njo linaleta kelele mpaka leo: watalala wapi, na watakula nini?

Sisi militan wa chini, wenye kulipa kotizasyo kila mwezi, tunasema mawazo yetu wazi. Wapange apartema moja yenye jiko. Wapike wenyewe. Na wakirudi, waweke ku meza karatasi ya kila kitu walinunua, kuanzia mukate mupaka sabuni. Hatusemi vile juu tunapenda watu wateseke. Tunasema juu ile feza haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka mu mushahara wa mutu mwenye kushuka mu shimo saa kumi na moja ya asubui.

Wanaenda kufanya nini kule?

Wengine wanauliza: juu ya nini kwenda mbali vile? Jibu ni kwamba kule kuko wachimbaji kama sisi. Mu jimbo la Imereti kuko muji moja mudogo, Chiatura, wenye kujengwa mu bonde la muto Kvirila. Wanachimba manganezi pale tangu 1879. Mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu kubwa sana ya manganezi ya dunia ilikuwa inatoka ku ile milima. Milima iko mikali, na watumikaji walikuwa wanapanda na miguu kwenda ku kazi. Kwa hiyo tangu 1954 waliwajengea teleferiki, vile visanduku vya chuma vyenye kupita juu ku kamba. Watu walipanda vile vya zamani mpaka 2021, kisha vipya vikafika.

Sisi tunajua manganezi. Tuko na Kisenge yetu, kule Lualaba, yenye ilisinzia miaka na miaka tangu vita ya Angola ilikata njia ya gari-moshi ya Benguela mu 1975. Tena tunajua kama mu betri nyingi za motokari, kobalti yetu na manganezi vinaingia mu chungu kimoja. Basi mutu wa Chiatura na mutu wa Kolwezi wanatumikia betri moja, lakini hawajaonana hata siku moja.

Na taabu zao tunazifahamu bila mufasiri. Ku Tkibuli, muji wa makala ya mawe wenye kuwa mu jimbo ile ile ya Imereti, wachimbaji sita walikufa mu mwezi wa ine 2018, na wengine wane mu mwezi wa saba, mwaka ule ule. Mu 2023, ku Chiatura, wachimbaji waligoma, na wamoja walifikia kukatala chakula. Mu 2025 wakaambiwa machimbo ya chini ya udongo inafungwa, wakatoka mu barabara wiki nyingi. Muji mzima wenye kuishi na shimo moja, kisha shimo linafungwa: nani kati yetu hajui hofu ile? Wale ndio watu delege wetu wanaenda kusikiliza. Sasa mutuambie: mutu anaweza kukaa mbele ya mugomaji mwenye watoto wake hawajakula, akamusikiliza muzuri, kisha mangaribi akarudi mu otele yenye tapi nyekundu?

Tupige hesabu pamoja

Maneno mengi bila hesabu ni upepo. Tulifanya prevision mbili, moja ya otele na moja ya apartema. Tikiti za ndege hatuzitie ndani, juu bei yake ni ile ile, ulale fasi gani.

Otele kwanza. Delege wane, chumba kila mutu, tumeweka dola 35 kwa usiku. Ni dola 140 kila siku. Kwa siku kumi, dola 1.400. Mu otele hakuna jiko, kwa hiyo watakula mu restora. Tumeweka dola 22 kwa mutu kwa siku, asubui, midi na mangaribi. Watu wane, siku kumi: dola 880. Jumla, dola 2.280.

Apartema sasa. Vyumba viwili vya kulala, salo, jiko na mashini ya kufula: tumeweka dola 45 kwa usiku, kwa wote wane. Siku kumi ni dola 450. Chakula cha kupika wenyewe: dola 7 kwa mutu kwa siku, ni kusema dola 280. Tumeongeza dola 80 za kualika wenyeji wetu mangaribi moja, juu ni haya kula kwa watu bila wewe kuwaalika. Tumeongeza dola 20 za sabuni, mafuta na vitu vidogo. Jumla, dola 830.

Tofauti ni dola 1.450. Mu seksyo yetu kotizasyo ni dola mbili kwa mwezi. Basi otele ile inakula kotizasyo ya watu 725 ya mwezi muzima, zaidi ya apartema. Watu mia saba na makumi mbili na tano wanatoka jasho mwezi muzima kusudi watu wane walale kila mutu na televizyo yake!

Na dola zile 1.450 ziko na kazi. Tunaomba dola 250 zilipe mufasiri kwa siku tano, 50 kwa siku. Delege mwenye kwenda kule bila mufasiri wa kweli atarudi na picha tu. Dola 1.200 zenye kubakia zirudi mu kashe ya matanga. Mu karte zetu kila mutu anajua mama wajane wenye bado wanangojea ile kashe.

Namna ya kuchagua nyumba

Kupanga nyumba ya mbali inaomba akili. Tulisoma matangazo mengi, tukauliza wenye walishafika, na hii njo mashauri yetu kwa komite.

Muji wa kukaa uwe Kutaisi, hapana Tbilisi. Tbilisi ni mukubwa na ni mu mashariki, mbali na machimbo. Kutaisi ni muji mukubwa wa Imereti. Kutoka pale, Tkibuli iko karibu kilometre makumi ine, na Chiatura karibu makumi saba. Unaenda asubui na taksibisi, wao wanaiita marshrutka, na mangaribi unarudi ku nyumba. Ndege ikiwashusha Tbilisi, wapande marshrutka ku stasyo ya Didube mpaka Kutaisi. Ni masaa tatu na nusu ao ine hivi.

Lakini sisi tunaongeza kitu. Kati ya usiku kumi, tatu za mwisho walale Chiatura kwenyewe, kwa jamaa ya muchimbaji mwenye kupangisha, kwa bei ile ile. Muji wenye kupoteza kazi unahitaji mugeni mwenye kulipa kuliko mugeni mwenye kuhurumia. Feza yetu ikibakia mikononi mwa muke wa muchimbaji, ile nayo ni mushikamano.

Nyumba iwe karibu na soko na karibu na fasi ya taksibisi. Nyumba ya bei chini yenye kuwa mbali inakula ile faida yote mu taksi. Waulize mbele: iko etaje ya ngapi? Nyumba nyingi ni zile za wakati wa Wasovieti, za beto, na mu zingine asansere haitembei mpaka utie kwanza kichele ndani. Mutu wa miaka makumi tano mwenye magoti ya shimo, ukimupandisha etaje ya nane na valiji, utamumaliza mbele ya mukutano.

Waulize tena: bei inaingiza umeme, maji, na sofaji? Kuko mashini ya kufula? Kuko masufuria, visahani, frigo? Mu tangazo wanaandika «jiko», kisha unafika unakuta kikaango kimoja na kikombe cha kahawa. Waombe picha ya jiko, hapana picha ya kitanda tu.

Na feza: hapana kutuma malipo yote kwa mutu mwenye hamujui, kupitia njia ya kutuma feza, juu alisema «tuma leo, watu wengine wanangojea». Ile ni njia ya wezi, hapa kwetu na kule vilevile. Wapange kupitia fasi yenye kutoa karatasi ya reservasyo na yenye kurudisha feza mambo ikiharibika. Ile karatasi watahitaji tena ku viza.

Feza yao wanaiita lari. Miaka hii ya karibuni dola moja inatoa karibu lari 2,7. Nyumba za kubadilisha feza ziko nyingi mu miji, na dola wanaipokea. Wachukue noti mpya, zenye hazikupasuka, na hapana kubadilisha zote siku moja.

Gazi: hapa wachimbaji tusikie muzuri

Kuko jambo moja lenye bei haina maana mbele yake. Nyumba nyingi za kule zinapashwa moto na gazi. Furno yenye kuharibika, ao bomba ya moshi yenye kuziba, inatoa ile hewa mbaya yenye haina harufu na haina rangi. Sisi tunaijua. Ni ile ile yenye kuua jamaa wenye kuingiza mbabula mu chumba wakati wa baridi na kufunga madirisha. Mu mwezi wa kumi na mbili 2024, ku Gudauri, mu milima ya Georgia, watu 12 walikutwa wamekufa fasi walilala juu ya restora moja. Sababu ilikuwa ile hewa, kutoka ku grupu ya umeme yenye kutumika mu fasi ya kufungwa.

Kwa hiyo sheria yetu ni hii. Wakifika mu nyumba, mbele ya kufungua valiji, wanaangalia kama vile tunaangalia galerii mbele ya kuingia. Furno iko wapi? Bomba ya moshi inatoka inje kweli? Hewa inaingia wapi? Wachukue kile kimashini kidogo cha kulia wakati hewa mbaya inaingia. Kinalala ku mukono na hakina bei kali. Nyumba yenye haikubali kukaguliwa, wanaiacha, hata kama walishalipa usiku moja. Na kama inawezekana, waende mwezi wa tano ao wa sita, ao mwezi wa kenda mpaka wa kumi, wakati baridi haiko kali na hakuna kuwasha sofaji usiku muzima.

Jiko si haya

Ku asemble, mutu moja alisimama akasema: «Delege hapana kupika! Batatuona namna gani?» Watu wakacheka, lakini wengi walikuwa wanawaza vile vile. Tumujibu kwa heshima.

Kwanza, chakula cha kule si kigeni kama munavyofikiri. Mu Georgia ya mangaribi watu wanakula unga wa mahindi meupe. Ku Samegrelo wanaupika mu maji mpaka unakuwa muzito, wanauita ghomi, wanaula na jibini yao ya sulguni. Mutu wa Likasi akiiona atasema: ile ni bukari, ila imelegea kidogo! Unga ule ule wanakandia mukate wenye wanaita mchadi. Maharagi wanayaita lobio, na wanayapika mu chungu cha udongo na vitunguu na majani ya harufu. Mboga za majani wanazitwanga na karanga za miti, ile ya ganda ngumu. Pilipili iko: wanaisaga na tumu na munyu, inaitwa adjika. Sombe hawatapata, na samaki yetu ya munyu wasahau. Lakini spinashi iko, shu iko, tomati ziko, na kuku iko.

Basi ku soko kubwa la Kutaisi delege wetu watajaza kitunga. Mukate wanaununua kwenye tone, furno ya udongo yenye umbo la mutungi, wenye kubandikwa ndani ku ukuta na kutoka moto. Asubui chai na mukate na mayai. Midi wakiwa njiani, mukate na jibini mu sakoshi. Mangaribi bukari na maharagi, siku moja kuku. Dola 28 kwa siku ni karibu lari 75 kwa watu wane. Mama yeyote wa mu kambi, ukimupa mutindo ule, atakulisha na atabakisha.

Na hapa tunasema jambo lenye komite haikufikiria. Prevision ya chakula isifanywe na wanaume peke yao mu biro. Ba mama wetu njo wanajua kufikisha mushahara mpaka tarehe 30. Wanajua kiasi cha mafuta kwa watu wane, wanajua kununua siku ya soko, wanajua kama nyama ikibakia leo inakuwa supu kesho. Tunaomba ba mama watatu wa mu komite ya jamaa wakae na mutunza feza, waandike liste ya siku kumi. Tena tunaomba kati ya delege wane, moja awe mwanamuke. Hapana juu awapikie wanaume! Kupika ni zamu, siku ya kila mutu, pamoja na kufua visahani. Awe pale juu kwenye mugomo, kule sawa na hapa, ni mwanamuke mwenye kubeba nyumba, na ba mama wa Chiatura watamuambia mambo yenye hawataambia mwanaume.

Pili, heshima. Wazee wanasema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Watu wa Georgia wao wanasema mugeni anatoka kwa Mungu, na wanatimiza: watakuweka ku meza kubwa, wanaiita supra, divai itatembea, mukubwa wa meza atatoa maneno ya kubariki moja kisha ingine. Ni vizuri. Lakini mutu mwenye kukuwekea meza vile anaweza kuwa hajapokea mushahara miezi. Delegasyo yenye jiko lake inaweza kusema: «Kesho mukuje kwetu, sisi njo tunapika.» Delegasyo ya otele itawaalika wapi? Mu salo ya kungojea? Siku muchimbaji wa Chiatura atakula bukari yenye kupikwa na muchimbaji wa Katanga, watazungumuza mambo yenye hayasemwe mu salo ya mikutano.

Mulipaji wa kitanda

Kuko jambo ingine, na ni la nguvu kuliko yote. Tulisikia kwamba mutu fulani, mwenye si wa sendika, alijitolea kulipa otele ya delegasyo, nyota ine, na gari ya kuwapokea. Wamoja kati yetu walifurahi: feza yetu haitatoka! Ndugu, mukae macho. Tulishaona mu miaka ya nyuma wajumbe wenye walilipiwa kitanda, na siku ya kusema ukweli mbele ya mulipaji, sauti ikapotea. Mutu mwenye kukulipia kitanda anajua saa unalala, saa unaamuka, na nani alikuja kukutembelea.

Apartema ya dola 45, yenye tulilipa na kotizasyo yetu, iko na mulango wenye funguo ziko mu mufuko wetu. Ndani tunaweza kusoma makaratasi, kubishana, kupiga simu ku base, kupokea mugomaji mwenye anaogopa kuonekana. Uhuru ule hauna nyota, lakini sendika bila uhuru ule ni kikundi cha kuimba tu.

Wengine wanasema: mukiishi bei chini, watu watazarau sendika. Sisi tunaona kinyume. Watumikaji hawakuzarau delege juu alikula maharagi. Walizarau delege juu alirudi na koti mpya na bila raporo. Ile pesa ya misioni yenye kila mutu anatia mu mufuko wake bila karatasi njo ilifanya vijana wa mu machimbo waseme: «Sendika? Ile ni tumbo ya watu wamoja.» Hatutawarudisha na diskur. Tutawarudisha na hesabu yenye kubandikwa ku ukuta.

Makaratasi

Tupite haraka hapa, lakini tusisahau. Congo yetu haimo mu inchi zenye kuingia Georgia bila viza. Kwa hiyo viza iombwe mapema, miezi mbele, hapana wiki mbili. Delege wabebe ku mukono, hapana mu simu tu: barua ya mualiko ya wenyeji, reservasyo ya apartema, tikiti ya kurudi, asiransi ya safari, na karatasi ya kazi. Ku mupaka polisi anaweza kuuliza kila kitu na anaweza kurudisha mutu. Mutu mwenye karatasi zake ziko mu mupango anajibu pole pole, bila makelele. Njia ya ndege ni Lubumbashi, Addis-Abeba, kisha Istanbul ao Dubai, kisha Tbilisi. Asiransi hatukubali iondolewe kusudi kubakisha feza. Feza inabakishwa ku nyama, haibakishwe ku uzima.

Na wajifunze maneno kidogo. Gamarjoba ni kusalimia. Madloba ni aksanti. Puri ni mukate. Apartema wanaiita bina. Lakini waangalie: kule deda ni mama, na «mama» ni baba! Delege wetu akiita mama wa nyumba «mama», atacheka mpaka analia. Kwa bahati muzee mwanaume wanamuita babua. Pale tutasikilizana.

Tunaomba nini

Tunaomba mambo matano ku asemble yenye kuja, na tunaomba yapigiwe kura kwa mikono, wazi.

Moja: delegasyo ilale mu apartema yenye jiko, usiku saba Kutaisi na usiku tatu Chiatura. Mbili: prevision ifanywe na mutunza feza pamoja na ba mama watatu, na ibandikwe ku mulango wa biro mbele ya tikiti kununuliwa. Tatu: hakuna feza ya mutu wa inje, hata kama ni ya taksi. Ine: moja kati ya wane awe mwanamuke, na mufasiri alipwe. Tano: siku kumi na tano kisha kurudi, delege wasimame mbele yetu na raporo na karatasi za matumizi, na kila mutu, hata mama mwenye kuuza ndizi mbele ya kambi, awe na haki ya kuuliza: «Hii lari kumi ya tarehe fulani ilinunua nini?»

Kama wanajibu, mwaka unaofuata tutawatuma tena, na pengine tutapokea wachimbaji wa Chiatura hapa kwetu. Wale nao watahitaji nyumba ya bei chini, yenye jiko, karibu na soko. Tutangoja kuona kama tutawaonyesha kotizasyo yao inaheshimiwa hapa sawa na yetu kule. Lupango moja ya mu karte yetu, yenye maji na umeme ya kutosha, itafaa. Ba mama walishaanza kuuliza bei.